Swichi ya Fatu na Salamu Zisizokwisha

Ukifika Old Korogwe ukauliza kwa Fatu, mtu wa kwanza atakuonyesha duka, wa pili atakuonyesha benchi. Duka ni la fotokopi, picha za pasipoti na kuwawekea watu tamthilia kwenye flashi. Benchi ni ubao wa bodi ya lori lililokufa zamani, limeegemea ukuta wa duka hilo, na mbele yake Mustapha ameweka jiko la mkaa na birika la kahawa ambalo halijawahi kupoa tangu litoke dukani. Fatu ana mtandao wa waya, na amewaachia wanabenchi wautumie bure kwa sharti moja: akienda kuswali, wao ndio walinzi. Walinzi wenyewe ukiwaona utacheka. Yuko Mustapha mwenyewe, anayeitwa Mkandarasi kwa sababu aliwahi kubeba maji kwenye ujenzi wa daraja, na tangu hapo hakuna kitu duniani asichojua kilivyojengwa. Yuko mzee Koisaba, mfugaji wa upande wa Handeni, anayeleta ng'ombe mnadani Alhamisi akabaki mpaka Jumamosi kwa kisingizio cha kupumzisha miguu. Na yuko Adamu fundi baiskeli, wanayemwita Spoku kwa wembamba wake, mtu wa Sindeni aliyehamia mjini kwa ajili ya mke. Ijumaa hii, watu wametoka msikitini, kahawa imechemka, na Spoku amekuja amevaa shati lililopigwa pasi.

— Shati la nani hilo? Mustapha alimuuliza kabla hata hajakaa.

— Langu.

— Najua ni lako. Nauliza umempigia nani pasi.

— Mwache, Koisaba alisema. Leo Ijumaa. Mama anapiga simu.

— Anapiga, mzee wangu, sikatai. Ila atapatikana?

Adamu alipokea kikombe chake. Mama aliyetajwa ni Shamimu, mkewe, mtu wa Kwashemshi kule juu milimani, ambaye mwaka wa pili sasa yuko Maskati akimtunza bibi mmoja mgonjwa wa miguu. Kila Ijumaa saa tisa ya kwetu bibi huyo hulala, na Shamimu hupata saa yake moja ya kupiga simu ya video. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kisha Fatu akaweka kifaa kipya, akaongeza waya wa kinyozi na waya wa mashine ya kusaga, na tangu hapo, Ijumaa saba mfululizo, picha imekuwa ikiganda kabla mtu na mkewe hawajamaliza salamu.

Na salamu zenyewe hazikuwa za kurusha mlangoni. Wawili hawa wamelelewa na mama wakali. Shamimu huanza na yeye Adamu, umeamkaje, umeshindaje, kifua kinasemaje. Kisha huenda kwa mama yake Adamu kule Sindeni. Kisha Adamu naye huuliza mama mkwe wake wa Kwashemshi, kana kwamba aliye Maskati ndiye anayemwona kila siku. Kisha majirani, nyumba kwa nyumba. Kisha mahindi. Kisha mbuzi. Jambo lenyewe haliguswi mpaka mbuzi wapite, na picha ikiganda katikati, ikirudi wanaanza upya kutoka juu, kwa kuwa mtu hasalimiwi nusu. Katika Ijumaa saba hizo Adamu hakuwahi kuvuka mahindi.

Naye jambo alikuwa nalo. Mkataba wa Shamimu ulikuwa unaisha mwezi huo, na kesho Jumamosi alitakiwa aseme kama anaongeza miaka miwili au anarudi nyumbani. Adamu alitaka arudi. Alitaka hivyo asubuhi akikunja kanga aliyoiacha msumarini, aliyokuwa akiikunja na kuikunjua bila sababu. Alitaka hivyo jioni akipika chakula cha mtu mmoja na kikabaki, kila siku kikabaki, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea kipimo cha wawili. Lakini hakumwambia mtu. Aliyesema "nenda" miaka miwili iliyopita ni yeye mwenyewe, mbele ya shemeji zake, kwa sauti ya juu na kicheko juu yake, ili asionekane mwanamume wa kumshika mke nguo. Sasa kulirudisha neno kama hilo, alijiambia, ni kazi ya uso kwa uso. Basi akawa anaungoja uso.

— Nimelifikiria tatizo lako wiki nzima, Mustapha alisema. Ni treni.

— Treni gani?

— Hii ya Tanga. Sikiliza nikufundishe. Waya wa mtandao umetoka baharini, ukaingia Tanga, ukafuata reli mpaka hapa. Treni ikipita, ardhi inatikisika, waya unachezacheza, uso wa mkeo unamwagika njiani.

— Treni haipiti kila Ijumaa saa tisa, Koisaba alisema.

— Mtikisiko unabaki, mzee. Ardhi ya huku haisahau. Mimi nimejenga daraja.

— Ulibeba maji.

— Na daraja lenyewe ungelijenga kwa mate?

Koisaba alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaweka fimbo yake katikati ya magoti, ishara kwamba naye sasa ana la kuchangia.

— Si treni. Ni milima. Shamimu ni mtu wa Kwashemshi, sivyo? Sauti yake ikitoka huko Arabuni inataka ipite kwao kwanza. Inapanda, inazunguka nyumba ya mama yake, haimkuti mtu wa kuongea naye, inashuka. Ikifika huku chini imekwisha pumzi.

— Hapo umegonga penyewe, mzee, Mustapha alisema. Na mimi naongeza. Mto. Pangani uko hapo nyuma ya nyumba, na maji yanavuta. Simu na maji si maadui?

— Ukiitumbukiza, Adamu alisema.

— Ndiyo hivyo hivyo, ila polepole.

Sauti ya Fatu ilitoka dirishani, nyuma ya mashine ya fotokopi.

— Jumatatu kinyozi anaangalia mpira mwanzo mpaka mwisho, na mto uko pale pale!

Mustapha alipuliza mkaa, akageuza mkono wa birika, akajipanga upya.

— Basi ni tajiri wake. Huyo bibi hajalala bwana, anajilaza. Amefunga mashine ukutani. Mashine inasikiliza. Ikisikia huyu anaingiza Kizigua na yule anaingiza Kishambaa, inasema hawa wanapanga jambo, inakata.

— Wanapanga nini? Koisaba aliuliza. Mahindi na mbuzi?

— Mashine inawajua mbuzi, mzee? Kwa mashine, mbuzi ni neno la siri. "Mbuzi wangapi wamezaa?" Wewe ungekuwa mashine usingeshtuka?

— Ila hatujawahi kufika kwenye mbuzi, Adamu alisema, naye akacheka.

— Eee! Hebu ngoja. Inakatika wapi hasa?

— Kwenye mahindi.

— Kabla ya mahindi ni nini?

— Majirani.

— Na kabla ya majirani?

— Mama mkwe. Na kabla yake, mama yangu.

— Basi kesi imekwisha! Mustapha alisimama. Umepakia mama wawili, umepakia mtaa mzima na watoto wao, halafu unataka juu yake uweke gunia la mahindi. Hata Fuso ingekata ekseli. Spoku, salamu zenu zimezidi uzito. Punguza mama mmoja.

— Nitampunguza yupi?

Walicheka wote, na Adamu akacheka nao, lakini mkono wake ulikuwa umekwenda kwenye mfuko wa shati mara ya nne kuangalia saa kwenye simu. Saa nane na dakika ishirini. Alihesabu tena ni salamu ngapi angeweza kuziruka bila kumvunjia mtu heshima, akaona hakuna hata moja.

Pikipiki ilisimama mbele ya duka, nyekundu kwa vumbi la barabara ya Handeni. Aliyeshuka ni Meshaki, mtoto wa dada yake Koisaba, fundi wa kompyuta aliyesomea Tanga, ndiye aliyemfungia Fatu ule mtandao. Fatu alikuwa akimwita wiki ya tatu sasa.

— Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee.

— Marahaba, walijibu kwa pamoja.

— Umechelewa, Mustapha alimwambia. Tumeshapata jibu. Ni mama mkwe.

Meshaki alipewa kahawa, akaelezwa yote: treni, milima, mto, mashine ya tajiri, na uzito wa mama wawili. Alisikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa kila baada ya neno, maana waliokuwa wakimweleza walikuwa wakubwa wake. Alipomaliza kikombe aliomba ruhusa, akaingia dukani na laptopu yake. Benchi lote likahamia dirishani.

Kwenye rafu, kati ya maboksi ya karatasi na redio mbovu, palikuwa na kidude cheusi chenye matundu manane, waya zimechomekwa, vitaa vya kijani vinapepesa.

— Hiki ndicho kinachotuzingua? Koisaba aliuliza. Kidogo hivi?

— Hii ni swichi, mjomba. Waya zote zinakutana hapa. Huu mmoja unatoka kwenye ruta, pale intaneti inapoingilia. Swichi inapokea, inagawa. Huu wa kompyuta ya mama hapa, huu wa kinyozi, huu wa mashine ya kusaga, huu unakwenda kwenye kile kisanduku kinachorusha mtandao kwenye benchi lenu.

Neno la siri la kuingilia kwenye swichi lilikuwa limeandikwa kwa maka pen chini ya swichi yenyewe, na Mustapha akasema hata yeye angeanza kutafuta hapo hapo. Meshaki alichomeka laptopu, akaandika, akangoja, akashusha kidole polepole kwenye orodha ndefu ya namba. Adamu alizitazama zile namba kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

— Oya, Meshaki alisema. Nimekipata. Tundu namba tatu.

— Limefanya nini? Adamu aliuliza.

— Linasema ngoja. Tangu saa sita mchana limesema ngoja mara elfu nane na ushee.

— Linamwambia nani?

Meshaki aligeuka, akawatazama wote dirishani, akaona ni lazima aeleze mpaka ieleweke.

— Hivi, wazee wangu. Swichi hii ina mpangilio wa kudhibiti mtiririko. Nilipoifunga niliuacha umewaka, kosa langu. Kazi yake ni hii: kifaa kikizidiwa na mzigo, kinaiambia swichi, ngoja kwanza nimeze. Swichi inangoja. Lakini mzigo wa kile kifaa unazidi kuja, unaijaza swichi yenyewe. Ikijaa, nayo inamgeukia ruta, inamwambia na wewe ngoja. Sasa ruta akisimama, tumesimama wote. Kinyozi, mashine, benchi, wote, kwa ajili ya mmoja anayemeza polepole.

— Hata Maskati? Adamu aliuliza.

— Maskati hakuna shida yoyote, mzee. Sura ya mama inatoka vizuri, inavuka bahari, inafika Korogwe. Inafika mpaka kwenye ruta hii hapa. Ndiyo inasimama kwenye foleni, nyuma ya mzigo wa mwingine.

Adamu alikitazama kile kisanduku cha ruta, kilivyojaa vumbi na alama za vidole vya Fatu. Wiki saba alikuwa akilitazama anga, akiulaumu umbali. Kumbe uso wa mkewe ulikuwa ukifika kila Ijumaa mpaka mtaani kwake, hatua nne kutoka kwenye benchi, na hapo ndipo ulipoambiwa ngoja. Aligeukia pembeni akajifanya anakohoa.

— Nimeelewa, Koisaba alisema. Nikinywesha ng'ombe, njia ya kwenda kwenye maji ni moja. Akitangulia mmoja mgonjwa wa koo, anakunywa tone, anapumzika, anakunywa tone. Nyuma yake mia nzima wamesimama juani. Siyo kwamba maji hakuna.

— Umemaliza, mjomba. Hata mwalimu wangu hakueleza hivyo.

— Ndicho nilichosema mimi, Mustapha aliingilia. Nilisema maji.

— Sasa huyo ng'ombe mgonjwa ni nani? Koisaba aliuliza.

Meshaki alifuata waya wa tundu namba tatu kwa macho, na wote wakaufuata: ulishuka rafu, ukapita nyuma ya mashine ya fotokopi, ukaishia kwenye kompyuta kuukuu ya Fatu, iliyokuwa inakwaruza kama kuku anayetafuta punje.

— Kompyuta yangu? Fatu aliweka mkasi chini. Hiyo kompyuta imemsomesha mwanangu Abdi mpaka kidato cha nne!

— Haijamkosea mtu, mama. Imezeeka tu. Diski yake imechoka. Na Ijumaa kuanzia mchana si ndiyo unashusha tamthilia mpya?

— Leo sehemu ya tisini na mbili. Wanawake wa mtaa mzima wanakuja na flashi zao jioni, wanataka kujua kama yule dada ameolewa au hajaolewa.

— Si uizime hiyo kompyuta kwa saa moja tu, Mustapha alisema.

— Na wanaokuja kuchapa barua za shule niwachapie juu ya birika lako?

— Hakuna haja ya kuizima, Meshaki alisema. Nazima ule mpangilio tu. Kompyuta ikizidiwa haitasema ngoja tena. Mzigo unaoshindikana utamwagika, halafu utaombwa upya. Wengine watapita. Ila tamthilia zako zitashuka kwa shida, mama, sikufichi. Nyingine zitafika kesho.

— Yaani dada aolewe kesho?

— Kesho asubuhi.

Fatu alikunja mikono. Aliwatazama mmoja mmoja, Mustapha, Koisaba, kisha akamfikia Adamu.

— Kaka Adamu, wewe na Shamimu mna jambo gani kubwa hivyo la kusimamisha harusi ya watu?

Dirisha zima likamgeukia. Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa mdomoni, limeiva, na watu waliokuwa mbele yake walikuwa marafiki zake wa miaka. Lakini Adamu ni Adamu.

— Ni salamu tu, alisema.

Mustapha alipasuka kwa kicheko, akampiga begani. Fatu hakucheka. Alikuwa mjane wa mwaka wa sita, na Shamimu alikuwa shoga yake. Pale pale dukani ndipo Shamimu alipopigwa picha ya pasipoti, akiwa amevimba macho, akasema ni vumbi. Fatu alilitazama lile shati la Adamu, mikunjo yake ya pasi imenyooka mpaka kwenye kola. Alijua mwanamume hapigi pasi kola kwa ajili ya mahindi na mbuzi.

— Zima, alisema. Meshaki, zima.

— Una hakika, mama?

— Wakija nitawaambia bwana harusi amepata ajali ya pikipiki. Zima.

Meshaki aliondoa alama moja kwenye kisanduku kidogo kilichochorwa kwenye kioo cha laptopu, akabonyeza hifadhi, akangoja mpaka kioo kikubali. Akawaeleza kwamba asingehifadhi, umeme ungekatika mara moja tu na yote yangerudi yalivyokuwa. Vitaa vya kijani vilizimika vyote kwa pamoja, Adamu akashika ukingo wa dirisha, kisha vikawaka tena.

— Tayari, Meshaki alisema.

— Ndiyo hivyo tu? Koisaba aliuliza. Wiki saba, ndiyo hivyo tu?

— Ndiyo hivyo tu, mjomba.

Saa tisa kasoro dakika mbili Adamu alikuwa amekaa kwenye benchi, peke yake, simu ameiegemeza kwenye birika la Mustapha lililofunikwa kitambaa. Wenzake walijitenga kwa heshima, yaani walisogea mpaka pale ambapo mtu husikia vizuri bila kuonekana anasikiliza. Mustapha alikuwa anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Fatu alikata picha za pasipoti dirishani, zile zile. Simu ikalia.

Uso wa Shamimu ulijaa kwenye kioo, mzima, hauna vipande. Adamu alisahau hata kuanza. Aliona mtandio wake wa bluu, aliona kovu dogo la nyusi alilolipata utotoni kwa kuanguka kutoka kwenye mpera, aliona mvi tatu nne pembeni ya sikio ambazo hakuwa nazo alipoondoka. Labda zilikuwepo wiki zote hizi, ni picha tu iliyokuwa ikizificha.

— Umeamkaje, baba?

— Nimeamka salama. Wewe je?

— Salama. Umeshindaje?

— Nimeshinda vizuri.

— Kifua?

— Kimetulia.

— Mama wa Sindeni?

— Hajambo. Mguu unamsumbua kidogo, ila anakwenda shamba.

Mustapha aliinua kidole kimoja. Mama mkwe wa Kwashemshi akaulizwa, akajibiwa, akapita, vidole viwili. Wakaingia kwa majirani. Nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, mtoto wa nyumba ya tatu aliyekuwa na degedege, amepona. Picha ilikaa. Sauti ilikaa. Walipofika kwenye mahindi, Koisaba alishika fimbo kwa mikono miwili, na Fatu akaacha mkasi hewani.

— Mahindi yanasemaje?

— Yamebeba. Ya bondeni yameliwa na nyani, ila ya juu yamebeba vizuri.

Yakapita. Mustapha alijibana mdomo kwa kiganja asipige kelele.

— Na mbuzi?

— Wako saba. Yule mweusi kazaa mapacha.

— Alhamdulillahi.

— Wamepita! Koisaba alinong'ona, kwa sauti ambayo bila shaka ilisikika mpaka Maskati.

Salamu zikawa zimekwisha. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili mtu na mkewe walifika upande wa pili. Adamu alisikia feni ikizunguka chumbani kwa bibi.

— Leo unaonekana vizuri sana, Shamimu alisema.

— Meshaki ameitengeneza swichi. Ilikuwa na mpangilio wa kudhibiti mtiririko. Kompyuta ya Fatu ilikuwa inasema ngoja, swichi nayo inamwambia ruta ngoja, basi wewe ulikuwa umefika ila umesimamishwa. Tundu namba tatu. Sasa ameuzima.

Alieleza yote, mpaka ng'ombe wa Koisaba. Alieleza kwa kirefu kuliko Meshaki. Shamimu alimsikiliza bila kumkatiza, kichwa kimeinama upande kama alivyozoea akimsikiliza mtu asiyetaka kufika kwenye neno lake.

— Kwa hiyo sasa haisemi ngoja tena?

— Haisemi.

— Haya.

Adamu alitazama chini, akaona kola ya shati lake imelowa jasho. Akainua uso.

— Shamimu, kesho usiongeze mkataba. Rudi nyumbani. Kila siku napika chakula cha watu wawili, nimejaribu kukipunguza nimeshindwa. Nimekukumbuka mpaka naona aibu. Nilisema nenda kwa sababu kaka zako walikuwa wamekaa pale. Sikutaka uende. Rudi, mke wangu.

Nyuma yake hakuna kikombe kilichogusa kingine. Mustapha, ambaye alikuwa hajawahi kumsikia Spoku akisema maneno mengi hivyo ya kitu kisicho baiskeli, alikuwa ameukaza mkono kwenye ndoo ya maji. Shamimu alipokea lile neno, akaonekana analipokea, uso ukalegea, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Alipoutoa mtandio, sauti yake ilikuwa chini.

— Walileta karatasi Jumatano. Hawakungoja Jumamosi. Nikaweka saini.

— Miaka miwili?

— Miwili.

— Nilikuwa nataka kukuambia. Ijumaa zote hizi nilikuwa nataka kukuambia. Mtandao, Shamimu, mtandao ulikuwa…

— Video ndiyo iliyokuwa inakatika. Meseji zako zilifika. Ya mvua ilifika. Ya nyani ilifika. Ya yule mbuzi kuzaa ilifika siku ile ile, na picha zake tatu. Ya Mustapha kuungua mkono na birika ilifika, nikacheka hapa peke yangu mpaka bibi akaamka. Kila asubuhi nilikuwa nafungua simu kabla sijanawa uso, naangalia kama umeandika. Ungeandika neno moja tu nisingeishika ile kalamu.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Adamu angejua pa kuanzia.

— Adamu, mbona hili hukuniandikia?

Adamu aligeuza macho kwa wenzake. Mustapha, mwenye treni, mwenye mto, mwenye mashine ya ukutani, alikuwa ameinamia ndoo ya vikombe. Koisaba alikuwa anachora ardhini kwa ncha ya fimbo. Meshaki alichungulia swichi kupitia dirishani, na vitaa vyote vilikuwa vinapepesa kijani, hakuna tundu hata moja lililokuwa linasema lolote. Adamu aliirudia simu, akaomba kimoyomoyo picha igande, hata dakika moja tu, apate pa kujificha. Haikuganda. Shamimu alipepesa macho, akairekebisha simu yake apate kumwona vizuri, akangoja ajibiwe. Saa yake ya Ijumaa ilikuwa bado ina dakika arobaini.